Bonge hilo la nywele ni la siku 56

Jumamosi mteja kaja na mfuko, ndani bonge la nywele alizozitoa baada ya kufumua rasta za miezi miwili. "Dada, naota kipara. Yule msusi ana mkono mbaya." Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, sasa naliandika.

Kichwa kizima hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Asiyesuka huziona kidogo kidogo kwenye chanuo, kwenye mto wa kulalia, bafuni. Aliyesuka, zinang'oka vilevile ila rasta inazishikilia. Wiki 8 ni siku 56. Zidisha kwa 50 tu, ni 2,800. Siku ya kufumua zinashuka zote kwa pamoja.

Kinachoniudhi hasa ni "imetoka na mzizi, haioti tena." Kile kijitone cheupe ni ncha ya unywele uliomaliza kukua, ukapumzika kama miezi 3, ukaachia. Kinachootesha kimebaki ndani ya ngozi! Mimi nafurahi kukiona hicho kijitone. Nikikuta vipande vifupi visivyo nacho, basi nywele zimekatika, na hapo nauliza habari za dawa ya kulainisha nywele, ukavu na chanuo la meno membamba.

Na hiyo 100 msiishike kama amri. Ni hesabu ya karatasi: nywele 100,000 kichwani, moja katika kumi imepumzika, mapumziko ya siku kama 100. Vichwa vyetu vya kipilipili mara nyingi havifiki 100,000, kwa hiyo siwezi kumtajia mteja namba yake. Acha kuhesabu. Andika tarehe ya kusuka, linganisha bonge la leo na la msuko uliopita wa muda uleule, piga picha ya njia ya katikati ya kichwa kila mwezi.

Zikizidi ghafla, rudi nyuma miezi miwili mitatu: ulijifungua? Ulipata homa kali, upasuaji? Hizo kwa kawaida hurudi zenyewe.

Nywele za yule mteja karibu zote zilikuwa na kijitone. Lakini pembeni mwa paji nilikuta vipele na ngozi inayouma ukiigusa. Alisukwa kwa kuvutwa mno, na hapo msusi ana kosa. Nimemkataza kusuka kwa sasa, nikamtuma kwa daktari wa ngozi, kwa sababu pembeni pakivutwa miaka, ngozi ikawa laini na kung'aa, nywele hazirudi.