Dibaji Iliyosubiri Zaidi ya Miaka 38

Nikipata mswada wa kale mkononi, huanza na kurasa za mwisho, zile zilizoachwa tupu. Hapo ndipo wasomaji walipoandika ya moyoni. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa barua za safari za Lady Mary Wortley Montagu.

Mumewe aliteuliwa balozi wa Uingereza Istanbul. Waliondoka London mwaka 1716, wakarudi 1718. Baadaye Lady Mary alizipanga barua zake 52 na kuzinakili katika majuzuu mawili. Hakuzipeleka kwa mchapaji. Yeye alikuwa binti wa Duke wa Kingston, na kwa watu wa nasaba yake kuuza maandishi dukani kulikuwa kujishusha. Aliwahi kumwasa Lord Cornbury kwamba uandishi si kazi ya mtu wa ngazi yake, aridhike na sifa za marafiki zake na asithubutu kukaribia matbaa.

Basi juzuu zikawa za kuazimishwa. Fikiria mwandiko wenyewe u mkononi mwako, unasoma habari za hamamu ya mji wa Sofia: wanawake wapatao 200 wamejipumzisha bila nguo, wanamsihi mgeni naye avue. Akafungua shati lake, wakaona vazi lenye kamba lililombana kiwiliwili. Wakaamini ni mume wake aliyemfungia humo! Hakuna msafiri mwanamume ambaye angeingia mlango ule.

Mary Astell, mwandishi Mwingereza aliyetetea elimu ya wanawake, alilielewa hilo mara moja. Hakuwa wa tabaka la juu, lakini alipendwa na mabibi wakubwa. Mwaka 1724 aliazimwa mswada, akaandika dibaji humo humo, mwishoni mwa juzuu ya pili. Anasema ametosheka na safari za wanaume, zote sauti moja na mambo yale yale madogo madogo. Anataka dunia ione kwamba wanawake husafiri kwa faida kubwa kuliko waume zao. Kisha anawageukia wanawake wenzake: wekeni wivu kando, mpeni mwenzenu haki yake. Kwangu huo ndio uhakiki bora wa kitabu hiki hadi leo, na uliandikwa wakati hakijawa kitabu.

Astell alimhimiza achape. Lady Mary akakataa katu, maadamu yu hai. Lakini Desemba 1761, akirejea Uingereza kufa, alimwachia mchungaji Benjamin Sowden mswada huo mjini Rotterdam, aamue mwenyewe la kufanya.

Binti wa Lady Mary, Lady Bute, ndiye yule aliyechanjwa ndui London mwaka 1721 kwa elimu ambayo mama yake aliileta kutoka Uturuki. Sasa alikuwa mke wa waziri mkuu. Aliununua mswada ili usitoke. Ila kwa maelezo ya Sowden, Waingereza wawili walikuwa wameuazima usiku mmoja, na mwaka 1763 barua zikatoka zikiwa na dibaji ya Astell. Mwenyewe alikuwa amefariki tangu 1731.

Ilibaki shajara ya Lady Mary. Lady Bute aliifungia. Mara nyingine aliwasomea wanawe vipande kwa sauti. Binti yake Louisa aliruhusiwa kusoma peke yake madaftari machache ya mwanzo, kwa sharti asinakili hata neno. Mwaka 1794, karibu na kufa kwake, Lady Bute aliichoma moto.