Nywele Nyekundu za Mpenzi wa Shujaa: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Muulize yeyote aliyekulia kwenye vibanda umiza mpenzi wa Spider-Man ni nani. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza: yule dada mwenye nywele nyekundu. Hakosei. Ila juu ya jibu hilo watu wamejenga mengine mengi: kwamba steringi lazima aishie kwa mwenye nywele nyekundu, kwamba wanawake hao wana hasira za moto, kwamba kizazi chao kinakaribia kwisha duniani. Baadhi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli, mengine ni porojo tupu. Nianze na Mary Jane Watson, yule dada mwenyewe wa Spider-Man, maana ndiye anayesingiziwa zaidi.

"Mary Jane ndiye mpenzi wa kwanza wa Peter Parker"

Hata wa pili si yeye. Katika vitabu vya katuni, msichana wa kwanza ambaye Peter, yaani Spider-Man akiwa hajavaa barakoa, alimpenda kwa dhati ni Betty Brant, katibu muhtasi kwenye ofisi ya gazeti ambako kijana huyo alikuwa akiuza picha zake. Nywele za Betty zilikuwa za kahawia. Akafuata Gwen Stacy, mwenye nywele za rangi ya dhahabu, aliyeingia kwenye hadithi Desemba 1965.

Mary Jane wakati huo alikuwa mzaha tu wa waandishi. Jina lake lilitajwa mara ya kwanza mwaka 1964: Shangazi May anamng'ang'aniza Peter akutane na mpwa wa jirani yao, naye Peter anakwepa kila mara, akiamini kwamba msichana anayesifiwa na shangazi hakosi kasoro. Mwaka 1965 msichana mwenyewe akajitokeza, lakini mchoraji akaiziba sura yake kwa mmea. Wasomaji wakasubiri hadi toleo la 42 la katuni hiyo, la Novemba 1966. Kwenye picha ya mwisho mlango uko wazi, Peter kaduwaa, na msichana mwenye nywele nyekundu anamwambia jambo ambalo sisi tungelisema hivi: leo umeokota dodo chini ya mwarobaini.

Na bado Peter akamchagua Gwen. Ilibidi Gwen auawe, katika toleo la 121 la Juni 1973, baada ya Green Goblin, adui mkubwa wa Spider-Man, kumtupa kutoka darajani, ndipo Mary Jane aanze kusogea polepole hadi moyoni mwa Peter. Walifunga ndoa mwaka 1987, na mwaka 2007 kampuni inayochapa katuni hizo ikaifuta ndoa hiyo kwenye hadithi, jambo ambalo mashabiki wengi hawajalisamehe hadi leo.

Basi kosa hili limetoka wapi? Limetoka kwenye filamu ya Spider-Man ya 2002. Humo kuna Green Goblin, kuna daraja, na kuna msichana anayening'inizwa juu ya maji. Lakini msichana ni Mary Jane, na anapona. Gwen hayumo kabisa. Waliotengeneza filamu walichukua msiba wa mwanamke mmoja wakampa mwingine, kisha wakaufuta msiba wenyewe. Aliyeanzia kwenye filamu hana namna ya kujua kwamba kiti kile kilikuwa na mwenyewe.

"Waigizaji hao wamezaliwa na nywele hizo"

Hapa ndipo panapochekesha. Kirsten Dunst, Mary Jane wa 2002, ana nywele za dhahabu za kuzaliwa, na zile nyekundu zilikuwa za kazi. Mwaka 2007 filamu ya tatu ikamleta Gwen, na nafasi hiyo akapewa Bryce Dallas Howard, ambaye nywele zake ni nyekundu za kuzaliwa hasa. Ikabidi aonekane na nywele za dhahabu. Mwaka 2012 akaja Emma Stone kuwa Gwen: huyu amezaliwa na nywele za dhahabu, lakini watazamaji walikwishamzoea akiwa na nywele nyekundu, kwa hiyo wengi waliamini kwamba amezipaka rangi kumbe amerudi kwenye zake. Wanawake watatu, na hakuna ambaye watazamaji hawakumkosea.

Mchezo huu ni wa zamani Hollywood. Rita Hayworth alizaliwa Margarita Carmen Cansino, binti wa mcheza dansi Mhispania, nywele nyeusi. Studio ikazigeuza rangi na kuusogeza nyuma mstari wa nywele kwenye paji lake la uso, unywele mmoja mmoja, kwa umeme. Lucille Ball naye alikuwa na nywele za kahawia, akazipaka hina, ndiyo, hina hii hii ya bibi harusi wa Mombasa na Zanzibar. Kipindi chake cha televisheni kilichoanza 1951 kilirushwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na bado Wamarekani wote walijua kwamba nywele zake ni nyekundu. Wa kweli walikuwepo pia, kama Maureen O'Hara wa Ireland, ambaye filamu za rangi zilimpenda kuliko kawaida.

"Waandishi wana kichaa cha nywele nyekundu"

Sibishi kwamba nywele nyekundu ni nyingi mno kwenye katuni za Marekani kuliko mitaani. Duniani watu wenye nywele hizo wanakadiriwa kuwa asilimia 1 hadi 2 tu. Katika katuni, wapo kila kona: Jean Grey wa X-Men tangu 1963, Barbara Gordon wa upande wa Batman tangu 1967, Poison Ivy tangu 1966, Lana Lang wa utotoni mwa Superman tangu 1950. Ukiangalia orodha hiyo unaweza kudhani ni tamaa za wanaume waliokaa ofisini New York. Tamaa ilikuwepo, sitawatetea. Lakini sababu kubwa zaidi ilikuwa ya kiwandani.

Vitabu hivyo vilichapwa kwenye karatasi hafifu ya gazeti, kwa wino wa rangi nne: buluu, waridi iliyokolea, njano na nyeusi. Rangi zote nyingine zilipatikana kwa kuchanganya vitone. Sura za wanawake zilichorwa karibu kwa kalibu moja, pua ndogo, macho makubwa, midomo imekoza, na msomaji alitakiwa ajue papo hapo nani ni nani ndani ya picha ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Kitambulisho kikawa nywele. Nyeusi ipo, lakini nyeusi tupu humeza mistari ya kalamu, ndiyo maana nywele za Superman zina mng'ao wa buluu. Njano ipo. Kahawia kwenye karatasi ile hutoka kama tope. Inayobaki ni nyekundu, ambayo huruka kutoka kwenye ukurasa.

Ukimweka Gwen wa njano upande mmoja na Mary Jane mwekundu upande wa pili, Peter katikati, hata mtoto asiyejua kusoma anaelewa kuna nini hapo. John Romita, aliyeichora ile picha ya mlangoni, alikuwa ametoka kuchora katuni za mapenzi kwa miaka kadhaa. Alijua fika kwamba wasichana wawili wanaogombea mvulana mmoja hawapewi nywele za rangi moja. Alisema mwenyewe kwamba alimtazamia mwigizaji Ann-Margret alipokuwa akimchora Mary Jane.

Black Widow ni ushahidi mzuri kwamba rangi hiyo ilikuwa vazi tu. Alipoanza mwaka 1964 alikuwa na nywele nyeusi. Mwaka 1970 akabadilishiwa nguo na sura, na nywele zikawa nyekundu. Tangu hapo hakuna anayemkumbuka vingine.

"Mwenye nywele nyekundu ndiye anayeolewa"

Muulizeni Lana Lang. Alimjua Superman tangu kijijini, akampenda kabla ya kila mtu, na mwaka 1996 Superman akamwoa Lois Lane, ambaye katika katuni ana nywele nyeusi. (Mkanganyiko zaidi: katika filamu ya 2013 Lois aliigizwa na Amy Adams, mwenye nywele zinazoelekea wekundu.) Jean Grey yeye alikufa mwaka 1980 mbele ya mpenzi wake Cyclops, akafufuliwa, na mambo yake hayajatulia tangu hapo. Ginny Weasley wa hadithi za Harry Potter ndiye aliyeolewa na shujaa wake bila vurugu za kufutiwa ndoa, na hata yeye kuna wasomaji wanaomnung'unikia.

"Wana hasira"

Msemo huu umetembea Ulaya kwa karne nyingi. Wachoraji wa zamani walimpa Yuda Iskariote nywele nyekundu, ingawa Injili haisemi lolote kuhusu nywele zake. Rangi ikahusishwa na usaliti, na moto, na tamaa, kisha waandishi wa hadithi wakaipokea kama ilivyo. Kisayansi, jeni inayohusika zaidi huitwa MC1R. Ilihusishwa na nywele nyekundu mwaka 1995, na kazi yake ni kuamua kama seli za rangi zitatengeneza zaidi melanini nyeusi au ile ya wekundu. Hakuna ushahidi kwamba inagusa hasira ya mtu.

Watu hupenda kumtaja Anne wa Green Gables, wa kitabu cha 1908, aliyempasulia Gilbert kibao cha kuandikia kichwani. Someni tena tukio lenyewe. Mvulana kamshika msuko wa nywele darasani na kumwita karoti. Yeyote angekasirika, hata mwenye upara. Na Anne mwenyewe anazichukia nywele zake kiasi cha kununua rangi ya mchuuzi ili ziwe nyeusi, zikatoka kijani.

"Ni mambo ya wanawake tu"

Archie Andrews, mvulana wa katuni tangu 1941, ana nywele nyekundu, na ni yeye anayegombewa na wasichana wawili, Betty (si yule wa Peter) na Veronica. Daredevil, shujaa mwingine wa katuni, ana nywele nyekundu. Jamie Fraser wa riwaya za Outlander naye nywele zake ni nyekundu, na ndiye mpenzi wa mhusika mkuu. Hii haihitaji maneno mengi.

"Wanatoweka duniani"

Uvumi huu ulienea sana kwenye magazeti na mitandao miaka ya 2000. Hauna msingi. Hali ya jeni iliyojificha haifutiki kwa sababu haionekani: mtu anaweza kubeba nakala moja maisha yake yote akiwa na nywele nyeusi, akairithisha. Wala hawako Scotland na Ireland peke yake, ingawa huko ndiko waliko wengi kwa uwiano. Wapo miongoni mwa Waudmurti wa Urusi na baadhi ya Waamazighi wa Rif, Morocco. Kwetu Afrika Mashariki nywele za mtoto zikianza kugeuka nyekundu na kunyonyoka kirahisi, hilo ni jambo jingine kabisa: huenda ni kwashakoo, na zahanati ndiyo mahali pa kwenda.

Mfano mzuri wa urithi huo uko ndani ya hadithi ya Harry Potter. Wazazi wote wawili wa Ginny wana nywele nyekundu, na watoto wao wote saba wametoka nyekundu, kama inavyotarajiwa. Harry ana nywele nyeusi tii, lakini mama yake, Lily, alikuwa na nywele nyekundu iliyokoza. Kwa hesabu rahisi ya shuleni, nywele nyekundu hudai nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa kila mzazi; Lily alikuwa nazo mbili, kwa hiyo Harry hana budi kubeba moja. Akizaa na Ginny, mwenye mbili, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu. Sayansi ya leo inaongeza jeni nyingine zinazochangia, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya makadirio.