Chuma kimeshika kutu, sawa, lakini kimebaki kiasi gani?

Swali ninaloulizwa sana hapa Lamu ni hili: hiki chuma kimeshika kutu, bado kina nguvu ama ndio basi? Mimi kazi yangu ni kukagua vyuma vya majengo na magati, na kabla sijajibu lolote huwa naikwangua ile kutu niione hali ya chini, manake rangi peke yake haikwambii kitu.

Watu wengi wanadhani kutu inakilainisha chuma chote. Hapana, chuma kilichobaki chini ya kutu ni kile kile, nguvu yake kwa kila milimita ya mraba haijapungua. Kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni na maji kikawa magamba na unga, na huo unga haubebi mzigo wowote, kwa hivyo kinachopungua ni unene, na unene ukipungua kidogo tu hesabu inakugeukia vibaya sana. Chukua nondo ya milimita 12, zile za nguvu ya 500, yaani newtoni 500 kwa kila milimita ya mraba, ikiwa mpya inavumilia kuvutwa na mzigo kama wa tani 5.7 kabla haijaanza kurefuka bila kurudi tena. Ikiliwa mpaka milimita 10, unaona ni milimita 2 tu zimekwenda, lakini sasa inabeba kama tani 4, yaani karibu thuluthi moja ya nguvu imeondoka. Bamba linalopindwa ndio balaa zaidi: bamba la ngazi ya gatini likitoka milimita 6 hadi 4 linabaki na asilimia kama 44 ya nguvu ya kupinda, na ugumu wake unashuka hadi asilimia 30, ndio maana ukilikanyaga unahisi linabonyea.

Na hapo nimechukulia kwamba kutu imekula sawasawa kila mahali, ambayo pwani huku ni nadra. Chumvi ina tabia ya kuchimba, inatoboa vishimo vidogo vyembamba, na mzigo wote unabanana pale kwenye kishimo. Chuma kizima kikizidiwa kinarefuka kwanza, kinapinda, unapata onyo ukimbie. Chenye vishimo kinapoteza ule mnyumbuko haraka kuliko kinavyopoteza nguvu, halafu kinakatika ghafla, na kama ni kitu kinachotikiswa na mawimbi kila siku, ufa unaanzia hapo hapo kwenye kishimo. Mimi naogopa zaidi nondo yenye vishimo vitatu virefu kuliko iliyovaa kutu nyembamba mwili mzima. Hiyo nyembamba kwenye nondo mpya, isiyobanduka, wala haina shida, hata inasaidia zege lishike vizuri.

Zege ndilo linaloniumiza roho. Zege zuri lina ukali wa magadi unaokilinda chuma, kinajivika utando mwembamba sana na kutu haianzi. Sasa mtu anachanganya kwa mchanga wa ufuoni usiooshwa na maji ya kisima cha chumvi, chumvi inauvunja ule utando, na kutu inayotokea inachukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, kwa hivyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka na kudondoka vipande. Ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushiwa nondo kuu, ndizo zinazotangulia kwa sababu ziko karibu na nje. Kisha mwenye nyumba anaita fundi apige plasta juu ya ufa, nyumba inapendeza, na chuma kinaendelea kuliwa pale pale. Nyumba zetu za zamani za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko hazina ugonjwa huu kwa sababu hazina chuma cha kuvimba ndani ya dari.

Majahazi nayo yana kisa chao, na mafundi wa kijiji cha Matondoni wanaounda majahazi wanakijua vizuri, msumari ukishika kutu unaiharibu pia mbao inayouzunguka, tundu linapanuka, unaweza kukuta msumari wenyewe bado mgumu lakini haushiki kitu. Mtepe, chombo cha zamani kilichoshonwa kwa kamba za makumbi hakikuwa na shida hiyo.

Kwa gati, angalieni zaidi ile sehemu ya juu kidogo ya maji yakijaa, inayorushiwa mawimbi ikilowa na kukauka, hapo hewa na chumvi vyote vipo, panaliwa haraka kuliko chini kabisa kwenye maji muda wote. Kwa geti na madirisha, osha kwanza kwa maji matamu, kwangua mpaka chuma king'ae, ndio upake prima, yaani rangi ya kwanza ya kinga, ya zinki au red oksaidi kisha rangi, kwa sababu ukipaka juu ya chumvi inavuta unyevu na kutu inatembea chini ya rangi usiione. Na kwa nondo iliyojitokeza kwenye slabu, toa zege lote lililooza mpaka nyuma ya nondo, piga brashi ya waya, pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, pale palipoliwa zaidi, usipime palipo pazuri, na kama 12 imeshuka hadi 10, weka tegemeo chini ya slabu kwanza halafu muite injinia, plasta isubiri.