Programu ya Zamani Haiifanyi Katuni ya Mkono Iwe na Ukungu

Vijana wanaochora katuni mjini Kampala huambiwa mara nyingi kwamba programu ya kuhariri video ya katikati ya miaka ya 2000 haiwezi kutoa picha za HD (za ubora wa juu), na kwamba wasiponunua mpya kazi yao itabaki na ukungu. Dhana hiyo si sahihi. Fremu, yaani picha moja ya video, ya HD kamili ina pikseli (nukta ndogo za picha) 1920 kwa 1080, ilhali karatasi ya A4 iliyopitishwa kwenye skana ya kawaida, kama zile za wachapaji wa Barabara ya Nasser, kwa nukta 200 kwa inchi, hutoa takriban pikseli 2338 kwa 1654. Mchoro una pikseli za kutosha na za ziada kabla programu haijaugusa.

Kosa hutokea pale mradi unapofunguliwa. Programu nyingi za wakati ule huweza kuanza na mpangilio wa PAL, mfumo wa zamani wa televisheni, yaani pikseli 720 kwa 576, na mchoraji asipoubadilisha, mistari yake ya penseli hupunguzwa na baadaye kutanuliwa, ndipo ukungu hutokea. Wengine huchagua 1440 kwa 1080 ya HDV, aina ya video ya HD ya kanda, bila kujua kwamba pikseli zake si za mraba, kisha hushangaa jicho la duara likigeuka yai.

Kinacholemewa kweli ni kompyuta: fremu moja isiyobanwa hufikia megabaiti 6 hivi, na sekunde ina fremu 25. Afadhali kuhariri kwa nakala za michoro zenye pikseli chache, kisha kurudisha michoro halisi wakati wa kutoa filamu, hata kama mashine itakesha.