Kabla Hujafunga Kizibo: Kwa Wanaoanza Kutengeneza Bia Nyumbani

Baba mmoja alifika ofisini kwetu, tunakokagua vinywaji, mkono wa kulia ukiwa umefungwa bendeji, wa kushoto ameshika ndoo. Ndani ya ndoo, chini ya taulo lililolowa, mlikuwa na vigae vya chupa pamoja na chupa moja iliyosalimika ya bia aliyotengeneza mwenyewe. Alitaka tumwambie kimea alichonunua kilikuwa na kasoro gani. Tuliiweka chupa ile kwenye jokofu mpaka kesho yake, tukaifungua polepole ndani ya beseni, tukangoja povu litulie, tukaikoroga bia mpaka gesi yote ikatoka, kisha tukadumbukiza haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki: kadiri namba inavyozidi 1.000 ya maji matupu, ndivyo sukari ilivyo nyingi. Ilisoma 1.018. Bia ya aina ile, iliyoanza kwenye 1.046, humaliza karibu na 1.010. Kimea hakikuwa na kasoro yoyote. Aliifunga siku ya 5 kwa sababu aliona mapovu yamekwisha.

Malalamiko ya namna hii yanatufikia mara kwa mara siku hizi, ndiyo maana tumeona ni vema kutoa elimu hii. Wengi wa wanaolalamika ni watu wema, wanaotengeneza lita chache za kunywa wao na jamaa zao, na hawana nia ya kumdhuru mtu. Shida ni kwamba wanaogopa mahali pasipo na hatari, na penye hatari wanapita wakiimba.

Sitaeleza hapa namna ya kuloweka kimea, kuchuja machicha, wala wakati wa kutia hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Hayo yameandikwa kwenye pakiti na mwenye subira atayafuata. Ninataka kuzungumzia yanayotokea baada ya jiko kuzimwa.

Maji matamu ya kimea yakichemka kwa saa nzima, karibu kila kijidudu cha kuyaharibu huwa kimekufa. Kuanzia hapo yanapopoa, kila kinachoyagusa ni lazima kiwe kimeoshwa na kisha kimetakaswa kwa dawa. Hizo ni kazi mbili tofauti, na dawa haiwezi kufanya kazi ya brashi: ukoko uliokauka kwenye mkunjo wa mpira wa kutolea bia unawakinga vijidudu vilivyo chini yake, hata ukiuloweka usiku kucha. Osha kwanza mpaka kidole kisihisi utelezi, halafu takasa. Ukitumia dawa ya klorini, suuza vizuri kwa maji yaliyochemshwa, la sivyo bia itanuka kama chumba cha hospitali. Na usichanganye klorini na siki, asidi au amonia kwa sababu yoyote ile. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu papo hapo, jikoni kwako, usoni kwako.

Poza haraka hadi nyuzi 20 hivi za Selsiasi, kisha tia hamira siku hiyo hiyo. Kuna wanaofunika chombo vizuri na kukiacha siku kadhaa bila hamira, wakiamini kwamba kilichochemshwa hakiharibiki. Maji ya kimea ambayo hayajachachuka hayana ulinzi wa bia: hayana pombe na asidi yake ni ndogo. Mbegu za bakteria wa botulizimu hustahimili kuchemka kwa kawaida, na humo ndani, pasipo hewa, zinaweza kuamka na kutengeneza sumu. Bia iliyochachuka vizuri ni jambo jingine. Pombe, asidi, hopsi na ukosefu wa oksijeni, vyote kwa pamoja, huwazuia karibu vijidudu vyote vinavyoleta magonjwa. Kwa hiyo bia iliyochacha na kuwa chungu au chachu mdomoni kwa kawaida ni hasara ya kazi yako, si sumu. Imwage, uoshe vyombo upya, uanze tena.

Hapa naomba tuelewane, maana hoja hii inarudi kila wiki: "Pombe inaua vijidudu, kuosha kote huko ni kwa nini?" Pombe ya asilimia 5 haiui bakteria wa asidi ya maziwa. Wanaishi humo kwa raha kabisa.

Jambo ambalo karibu hakuna anayeniuliza, nami natamani kila mtu angeuliza, ni kuvu. Anayenunua kimea kilicho tayari hana budi kukiweka pakavu tu. Anayeotesha nafaka yake mwenyewe, akailoweka na kuianika, yuko kwenye hatari zaidi, kwa kuwa unyevu na joto la kuotesha ndivyo kuvu navyo hupenda. Nafaka yenye ukungu wa kijani, manjano au mweusi, au yenye harufu ya chumba kilichofungwa, huenda ina sumukuvu. Sumukuvu haziondolewi kwa kuchemsha saa nzima wala kwa kuchachusha, na ile aina ya aflatoksini B1 imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Usiichambue nafaka hiyo ukabakiza iliyo safi machoni. Usiwape kuku wala ng'ombe pia. Ng'ombe akila, sumu hiyo hupita kwenye maziwa. Itupe yote.

Vyombo nitavipitia haraka. Plastiki iwe ya chakula, na kamwe isiwe dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu au kemikali, hata likioshwa mara mia. Ndoo ya bati lililopakwa zinki usiitumie kuchachushia, kwa sababu asidi ya bia huyeyusha zinki na mnywaji hutapika. Jiko la gesi au mkaa linalowaka kwa saa moja na zaidi lisiwe ndani ya chumba kilichofungwa.

Sasa methanoli, ile aina ya pombe yenye sumu. Watu wakisikia pombe ya nyumbani wanafikiria upofu na vifo, na kuna aliyetushitakia jirani yake kwa sababu hiyo tu. Methanoli kwenye vinywaji vilivyochachushwa hutokana hasa na pektini ya matunda, na bia ya nafaka huwa nayo kidogo mno kiasi cha kutomdhuru mtu. Vifo vya makundi vinavyotangazwa hutokana, karibu siku zote, na pombe kali iliyochanganywa na methanoli ya viwandani. Hamira hailetwi mahakamani kwa kosa hilo. Ile njia ya kuwasha pombe kwenye kijiko na kutazama rangi ya moto haithibitishi chochote, na methanoli haitambuliki kwa ladha. Lakini tusichanganye mambo: kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kukusanya mvuke wake, si hatua inayofuata ya kutengeneza bia. Mvuke wa pombe hulipuka, na nchi nyingi hukataza kabisa kazi hiyo bila leseni hata kama zinaruhusu bia ya nyumbani. Marekani, kwa mfano, ilipitisha mwaka 1978 sheria ya shirikisho iliyoruhusu bia ya matumizi ya nyumbani bila kodi, kwa kikomo cha galoni 100 kwa mwaka, au 200 kama kaya ina watu wazima wawili au zaidi. Kukeneka nyumbani hakukuguswa na sheria hiyo.

Nirudi kwenye chupa, maana ndiyo iliyomjeruhi yule baba.

Mapovu si kipimo. Hukoma kwa sababu chumba kimepoa, kifuniko kinavuja, au hamira imelala, na sukari ingali imejaa tele. Kipimo ni haidromita. Pima siku ya kwanza kabla ya kutia hamira, andika. Ukidhani uchachushaji umekwisha, pima tena. Ngoja siku 2 au 3, upime mara nyingine. Namba zikilingana, na zikawa karibu na ile inayotarajiwa kwa bia yako, funga. Zikilingana lakini ziko juu sana, usifunge. Peleka chombo mahali penye joto kidogo, kitikise polepole ili hamira iinuke kwenye mashapo, ungoje. Namba hizo hizo zinakupa pia kiasi cha pombe: tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho, mara 131.25. Kutoka 1.046 hadi 1.010 ni karibu asilimia 4.7.

Bia ya kawaida hubeba takriban lita mbili na nusu za gesi ya kaboni dioksidi kwa kila lita moja ya bia. Ile iliyosoma 1.018 ilikuwa na sukari ya kuongeza gesi nyingine kiasi cha lita 4 kwa kila lita, juu ya iliyokwisha kuwamo. Kioo cha chupa ya bia hakikutengenezwa kustahimili hayo.

Sukari ya kufungia, yaani ile kidogo inayotiwa makusudi wakati wa kujaza chupa ili bia ipate gesi, ipimwe kwa mizani, gramu 6 hivi kwa kila lita ya bia, iyeyushwe kwenye maji yaliyochemka, ichanganywe na bia yote kwa upole kabla ya kujaza chupa. Kijiko kwa kila chupa ni kubahatisha. Chupa ziwe nzito, zilizotengenezwa kwa vinywaji vya gesi, zisizo na ufa wala mdomo uliomeguka. Kwa anayeanza, ninashauri kwa moyo wote chupa za plastiki za soda: ukiiminya unahisi gesi inavyopanda, na ikizidi huwa ngumu kama jiwe kabla ya hatari kufika.

Kumbuka pia kwamba lita 20 za bia ile hutoa zaidi ya lita 350 za kaboni dioksidi katika siku zote za kuchachuka. Ndoo moja sebuleni penye madirisha haina tatizo. Ndoo sita kwenye stoo ndogo isiyo na hewa ni hatari, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na hutanda chini.

Kuhusu mauzo, tafadhali soma sheria ya mahali ulipo kabla hujampa mtu chupa kwa malipo. Ruhusa ya kutengeneza kwa matumizi ya nyumbani si ruhusa ya kuuza. "Siuzi, wananichangia tu" ni utetezi tunaousikia sana, na mara nyingi haumsaidii aliyeutoa, kwani sheria nyingi huhesabu kubadilishana na vitu au kutoza kiingilio kuwa ni biashara. Kwa kawaida mkaguzi hufika na kitambulisho, akaeleza sababu, akachukua sampuli mbele ya mwenye mali. Sampuli hugawanywa mafungu yanayofanana, kila fungu likapigwa lakiri na kuandikwa tarehe, saa na mahali, pande zote mbili zikatia saini. Pale sheria inapotaka hivyo, fungu moja hubaki kwa mwenye mali ili aweze kulipima kwingine, na hilo ni haki yako, usilikatae kwa hasira. Shehena inayosubiri majibu huzuiwa. Ukiihamisha au kuimwaga kabla ya majibu, hilo ni kosa la pili linalojitegemea. Adhabu huanzia onyo la maandishi, zikafuata faini, kutaifishwa kwa vyombo, na kesi pale mtu alipodhurika. Kumpa aliye chini ya umri ulioruhusiwa hakuna onyo la kuanzia.

Ukihisi chupa zako zina gesi kupita kiasi, usizitikise na usizitupe kwenye pipa la taka, kwa sababu atakayelibeba ni mtu mwingine. Watoe watoto na wanyama chumbani. Vaa glavu nene, miwani ya kukinga macho na nguo ya mikono mirefu, uzifunike kwa blanketi zito, kisha zihamishie kwenye jokofu moja moja ukiwa umezifunga taulo. Baada ya siku nzima ya ubaridi, fungua kila moja ndani ya ndoo, taulo likiwa juu yake, ukilegeza kizibo kidogo kidogo. Ukitaka tuipime, mimina kiasi kwenye chupa ya plastiki, usijaze zaidi ya nusu, andika tarehe uliyotia hamira na tarehe uliyofunga, uilete ikiwa baridi. Vigae viache nyumbani.