Si damu inayowaua watoto weusi Marekani

Juzi kwenye benchi la kliniki Mbagala, mama mmoja akimvua mwanawe nguo apimwe uzito alisema: "Watoto wa weusi Marekani wanakufa sana kwa sababu ya damu yetu. Tumeumbwa hivyo." Wenzake wakaitikia. Iliniuma, maana si kweli.

Tofauti ipo: mwaka 2022, kati ya kila watoto 1,000 weusi waliozaliwa hai huko, karibu 11 walikufa kabla ya kutimiza mwaka, kwa weupe, kati ya 4 na 5. Lakini mwaka 1997 madaktari watafiti Richard David na James Collins walitoa utafiti wa uzito wa watoto waliozaliwa jimbo la Illinois, Marekani, maana mtoto anayezaliwa mwepesi mno yumo hatarini zaidi kufa. Wa mama weupe, wastani gramu 3,446. Wa mama weusi wazaliwa wa Marekani, 3,089. Na wa mama waliozaliwa Afrika, wenzetu hawa? 3,333. Ingekuwa damu, wa kwetu ndio wangekuwa wepesi kuliko wote!

Wala si umaskini peke yake. Hata mweusi mwenye digrii yumo hatarini. Watafiti wengi wanataja ubaguzi: msongo wa miaka mingi unaochangia watoto kuzaliwa njiti, na mjamzito anayesema anaumwa asisikilizwe.