Mtumiaji aliyeidhinishwa katika programu ya maombi ya matengenezo ni nani?

Bomba limepasuka ghorofa ya pili. Mtu anafungua programu, anaandika "maji yanamwagika chumba 214", anaweka picha na kutuma. Mwingine anapokea ombi na kukubali gharama zake. Wa tatu, fundi, anabeba spana na kupanda ngazi. Wote watatu wana akaunti, ila akaunti zao hazifanani. Mtumiaji aliyeidhinishwa ni mtu anayetambuliwa kwa jina na kuruhusiwa kufanya mambo fulani ndani ya mfumo, basi.

Wengi huchanganya idhini na nywila. Nywila huthibitisha kwamba wewe ndiye wewe. Idhini hujibu swali jingine: ukishajulikana, unaruhusiwa kufanya nini? Mwombaji hutuma ombi na kufuatilia lilipofikia. Mwidhinishaji hukubali au kukataa, na uamuzi wake una uzito kwa sababu gharama za baadhi ya kazi hukatwa kwenye bajeti ya idara. Fundi huandika saa na vipuri alivyotumia. Juu yao yuko msimamizi wa mfumo, anayefungua akaunti na kugawa majukumu.

Utaratibu wa kufunga ruhusa kwenye jukumu, badala ya kumpa kila mtu zake, ulielezwa rasmi mwaka 1992 na David Ferraiolo na Richard Kuhn, watafiti wa taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani. Kabla yao, mwaka 1975, Jerome Saltzer na Michael Schroeder walikwisha kuandika kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu ambazo kazi yake inazihitaji.

Kufungua akaunti ni rahisi. Kazi ipo pale mtu anapohama au kuacha kazi. Aliyehamia idara nyingine akibaki na ruhusa za zamani, ataendelea kuidhinisha matumizi ya bajeti isiyo yake, tena bila nia mbaya: ombi limemfikia, naye anabonyeza kama alivyozoea. Aliyeondoka, akaunti yake isimamishwe siku hiyohiyo, lakini isifutwe. Kusimamisha kunamzuia kuingia huku jina lake likibaki kwenye maombi aliyotuma. Kufuta kunaweza kuacha rekodi zisizo na mwenyewe, na siku ya ukaguzi hakuna wa kuulizwa. Ndiyo maana naona orodha ya watumiaji ipitiwe mara kwa mara na wakuu wa idara wenyewe. Mtu wa kompyuta hajui nani alihama wiki iliyopita, wao wanajua.

Jambo ninalolipinga kabisa ni akaunti ya pamoja. Ombi linasomeka: "Taa haiwaki. Aliyetuma: mapokezi." Fundi anafika, anakuta taa arobaini, na aliyeiona iliyozimika ameshatoka zamu. Hapo hakuna wa kumpigia simu, na mwenye shida hatapata taarifa kwamba kazi imefanyika.

Mwidhinishaji akienda likizo, asimwachie mwenzake nywila. Programu ikiwa na sehemu ya kuweka kaimu, ijazwe pamoja na tarehe ya mwisho wa ukaimu, ruhusa ijifunge yenyewe siku mwenyewe anaporudi.